Nilivyompeleka Mke Wangu Kupumzika Iringa

Ndugu zangu wa jikoni, mmeniuliza sana, na kila aliyeniuliza nimempa jibu lake. Lazaro mpishi nilimwambia Iringa kuna baridi. Dobi nilimwambia safari ilikuwa ndefu. Mtunza bustani sikumwambia kitu, nilichukua trei nikaenda zangu. Sasa naona mnaanza kunong'ona ninapopita, na minong'ono inachosha kuliko maswali. Basi naandika mara moja, msome wote, kisha tusizungumze tena habari hii juu ya sahani za watu.

Mnajua nilikoipata fikira yenyewe. Kila Ijumaa jioni tunawapokea hapa kwenye nyumba ya wageni ya Memsabu Wazungu wa mashamba ya chai na wa machimbo ya Makongolosi, mume na mke, wanashuka garini kila mtu na uso wake, hawasemezani. Tunawapa chumba chenye moto na shuka zilizopigwa pasi. Asubuhi mimi ndiye ninayepeleka chai. Nakohoa kidogo mlangoni, nagonga, nasubiri, kama Memsabu alivyotufundisha, maana chumba cha mtu na mkewe hakiingiliwi kama zizi la mbuzi. Kisha mayai, mkate, jemu. Wanapanda mlima, wanarudi, wanakula tena. Jumatatu wanaondoka wameshikana mikono. Miaka yote hiyo nimesimama nyuma ya viti vyao nikiamini kwamba nyumba hii ni dawa.

Kwangu dawa ilihitajika. Sekela wetu alichukuliwa na surua katikati ya masika, akiwa ndiyo kwanza ameanza kusema maneno ya kueleweka. Tangu siku ile mke wangu Tumpe alinyamaza. Alipika, alifagia, alilima, lakini hakusema. Hata majirani walishindwa namna ya kumwita. Wakimwita mama Sekela waliona wanamchoma, wakimwita Tumpe waliona wanamvua umama, basi wakawa wanamwita "wewe". Kaka zake wakatuma neno kwamba mavuno yakiisha watakuja kumchukua, akae kwao kwanza waone kama atapona. Kwetu mke akichukuliwa namna hiyo, mara nyingi harudi.

Mkubwa wao ni Asegelile, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Iringa, na neno lake ndilo linalofuatwa. Basi nikapanga mambo yangu. Twende Iringa, tulale nyumba ya wageni, mke wangu anywe chai ya asubuhi ambayo hakuwasha moto wake. Jumapili baada ya kanisa tumpitie Asegelile, amwone dada yake akicheka. Akimwona anacheka, habari ya kumchukua imekwisha.

Memsabu alinipa ruhusa, ila aliniuliza mara mbili kama kweli nimesema kupumzika. Mke wangu nilimwambia siku moja kabla. Alifunga kanga zake na sweta, akakaa mlangoni akingoja.

Mbeya hadi Igawa

Basi lilikuwa liondoke alfajiri. Tuliondoka jua limeshapanda, kwa sababu dereva alikuwa akingoja gurudumu, na gurudumu lilikuwa likingoja mtu aliyekwenda kunywa chai. Mimi kazi yangu ni kuhudumia watu kwa wakati, na mambo kama haya yananipandisha damu. Tumpe alikaa dirishani akitazama ukungu ukishuka mlima Loleza.

Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Kisafwa, amepakata kuku. Alitutazama vizuri. Viatu vyangu nimevipaka rangi, mke wangu amejitanda kanga mpya, mizigo hatuna. Akampa Tumpe pole, akamwuliza msiba uko wapi.

Nikajibu mimi kwamba hakuna msiba, tunakwenda kupumzika.

Mama akafikiri. Akamwuliza tena Tumpe anaumwa nini. Nikajibu mimi kwamba haumwi. Akaniuliza sasa mimi, kama haumwi na msiba hakuna, tunakwenda kupumzika nini? Mzee mmoja nyuma akadakia kwamba tumwache kijana, labda wanakwenda hospitali ya Iringa kutafuta mtoto, wanaona haya kusema. Hapo basi zima likatupa pole. Utingo naye akasema shangazi yake alipata watoto wawili baada ya kwenda huko. Nilieleza habari ya chumba, ya chai ya asubuhi, ya kutembea mlimani bila kufuata kuni, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunionea huruma. Tulipofika Chimala nilikuwa nimenyamaza, nimekubali kuwa mgonjwa.

Kila swali alilotupiwa mke wangu nililidaka mimi. Nilitaka apumzike hata kusema.

Igawa basi likafa. Dereva alifungua injini, akatazama, akafunga, akaenda kulala chini ya mti. Usangu kule bado kuna joto hata masika yakiisha, na sisi watu wa milimani tulikuwa na masweta yetu. Akina mama wa Kisangu walituletea wali na kambale. Wali ulikuwa na mchanga, ningeurudisha jikoni kama ningekuwa na jiko la kuurudishia, lakini kambale alikaangwa na mtu anayejua kazi. Tumpe alikula mkia, akanisogezea kilichobaki. Tulikaa pale mpaka vivuli vikawa virefu, kisha dereva akaamka, akaipiga injini kwa nyundo, ikawaka. Sijui kwa nini hakuipiga mapema.

Makambako

Tuliingia Makambako giza likianza, na upepo wake unaoujua kila mtu aliyepita pale. Tukaonyeshwa nyumba ya kulala wageni ya mzee mmoja Mbena, mpole sana, amevaa koti la jeshi. Tukaamkiana Kamwene, akatukaribisha, akanionyesha mlango mmoja, na mke wangu akamwonyesha mwingine. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu vikubwa, cha wanaume na cha wanawake.

Nikamweleza kwamba nataka chumba kimoja, mimi na mke wangu.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "mke unaye nyumbani. Hapa ni pa kulala."

Nililala na mfanyabiashara wa tumbaku ubavuni. Alikoroma kwa bidii, na alipoacha kukoroma alinukia pombe ya ulanzi. Nilikaa macho nikihesabu makosa ya nyumba ile. Blanketi fupi, taa yenye moshi, maji ya kunawa hakuna. Kwa mbali nilisikia wanawake wanazungumza upande wao, wananyamaza, wanazungumza tena. Nilimwonea Tumpe huruma kuwa peke yake kati ya wageni.

Asubuhi tulipewa uji na viazi vitamu. Alitoka upande wa wanawake macho yamevimba, lakini uso wake, ndugu zangu, uso ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. Mama mmoja mnene wa Kibena alimfuata nyuma akimwambia, "Mama Sekela, umesahau leso yako." Kijiko kilinitoka mkononi. Tangu mazishi sikuwa nimelisikia jina lile.

Tulipokwisha kupanda basi nikamwuliza ilikuwaje mpaka akawaambia hao wasiomjua.

"Waliniuliza jina langu," akasema, "wakangoja."

Sikulitilia maanani neno hilo. Nililotilia maanani ni kwamba amesema. Moyoni nikamshukuru Mungu, kisha nikamshukuru na Memsabu, maana niliona dawa yake imeanza kufanya kazi.

Makambako hadi Mlandege

Kutoka hapo mpaka Sao Hill ni nyika ya baridi, ukungu umelala barabarani, dereva anaendesha kichwa nje ya dirisha. Mke wangu alisema Sekela angeuogopa ukungu ule. Nikatazama barabara, nisiharibu. Baadaye akasema, hapana, angetaka kushuka aushike. Nilicheka mimi, yeye hakucheka, lakini mdomo wake ulilegea kidogo. Mafinga tulinunua mahindi ya kuchoma, akala lake lote, akaniuliza kama huko tunakokwenda wanapika vitumbua. Nikamwambia watapika, hata kama itanibidi niingie jikoni nipike mwenyewe. Furaha ilinijaa hadi nikamwambia yule mfanyabiashara wa tumbaku, aliyekuwa kiti cha nyuma, kwamba mimi na mke wangu tunakwenda kupumzika. Akanipa pole.

Tulivuka Ruaha Mdogo mchana, tukapanda ule mlima hadi mjini, na kwa kuwa ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe mji ulikuwa umejaa. Tulikataliwa nyumba mbili. Mtu mmoja akatuelekeza Mlandege kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Pwani, naye amezaliwa hapohapo.

Bi Zuhura alinitazama, akamtazama Tumpe, akanivuta kando. Akaniambia nyumba yake ni ya heshima, haweki mtu na hawara. Nikamwambia huyu ni mke wangu wa kanisani. Hakuamini. Akamwendea Tumpe mwenyewe, wakasemezana kwa sauti ya chini, kisha akarudi anapangusa machozi ya kicheko.

"Miaka yote ninaweka wageni," akasema, "sijaletewa mke wa mtu na mume wake mwenyewe. Haya, karibuni. Asubuhi mtakula vitumbua na mbaazi."

Chumba kilikuwa safi. Nasema hivi kwa haki, kama mtu wa kazi. Kitanda cha chuma, shuka zimenyooka, mkeka, beseni na birika la maji ya moto. Kasoro ni moja tu, kuta hazikufika darini. Zilipanda mpaka anapofika mtu akinyoosha mkono, kisha juu ni wazi, ili hewa na masengenyo vipite. Tumpe alikaa kitandani, akanusa mto, akasema una harufu ya karafuu. Nilimtazama, nikaona kesho Asegelile atamwona hivi hivi alivyo. Nilikuwa nimefika.

Ndipo mlango wa mbele ukafunguliwa. Mtu akakohoa mara mbili, akanyamaza, akagonga fimbo chini.

Mke wangu alivuta kanga akajifunika kichwa kizima, akainama, akatoka kwa mlango wa uani. Hata viatu hakuvaa.

Ukumbini

Lazaro, wewe si mtu wa kwetu, nikueleze. Unyakyusa mke hamwoni baba mkwe wake. Hawajagombana, ni heshima. Hamtazami, hataji jina lake, hakai nyumba aliyomo, na wakielekea kukutana njiani mwanamke huingia migombani mpaka mzee apite. Mzee naye ana wajibu wake. Akikaribia mahali hukohoa, mwanamke apate nafasi ya kuondoka. Sisi tuliosoma misheni tumeanza kuyalegeza haya, na mimi ni mmoja wa wanaoyacheka. Lakini Tumpe tangu aolewe haijui sura ya baba yangu. Anachokijua ni kikohozi.

Nilimkuta amejikunyata ukutani karibu na jiko. Akasema, "Baba mkwe yumo ndani."

Nikamwambia baba yuko Rungwe kwenye migomba yake, hajawahi kuvuka Mbeya. Akasema ni yeye. Nikamwambia wazee wote wa dunia wanakohoa, na kwa baridi ya Iringa hata vijana. Akasema ni yeye, anakohoa mara mbili, ananyamaza, anagonga fimbo. Nikaanza kuogopa. Nikaona huzuni imempanda kichwani, siku mbili zote zinakwenda bure, na kesho kaka yake atamkuta anajificha nyuma ya jiko la watu. Nikaona dawa ni kumwonyesha huyo mzee, aone ni mtu baki, tucheke yaishe. Nikamshika mkono.

"Usinivute," akasema.

Nikamvuta. Tuliingia ukumbini mimi mbele yeye nyuma, na ukumbini taa ilikuwa imewashwa, na chini ya taa alisimama baba yangu.

Tumpe alianguka chini, akauficha uso sakafuni. Na baba, mzee mwenye mvi, aliyesafiri siku mbili juu ya magunia ya mchele, aligeuka akaelekea ukutani, akajifunika kichwa kwa blanketi lake. Walikaa hivyo, mmoja chini, mmoja ukutani, na mimi katikati nimeshika mkono wa mtu. Bi Zuhura alitokea na sahani, akaganda. Kisha Tumpe akajinasua, akarudi uani kwa magoti.

Baba hakugeuka mpaka aliposikia mlango wa uani umefungwa. Akachukua fimbo yake, akatoka nje. Nikamfuata njiani nikimsemesha, nikimwuliza amefuata nini Iringa. Alitembea kwanza. Kisha akaniambia amekuja kwa ajili ya mke wangu. Kwa kuwa hawezi kusema naye, amekuja kusema na kaka yake, na wamekwisha sema vizuri. Hakutaka kulala kwa mtu aliyekuja kumwomba neno, ndiyo maana amepanga kwa Bi Zuhura.

Nikamsihi arudi ndani, mke wangu yuko uani. Akasema, "Akirudi chumbani usiku huu akanisikia?" Nikamwambia ana kifua, ataumia na baridi. Akasema blanketi analo, na malori yako karibu.

Halafu akasimama. "Alikuambia kwamba ni mimi?"

"Aliniambia, baba."

Akaendelea kutembea.

Nilirudi mbio kwa Tumpe, jikoni kwa Bi Zuhura, nikamwambia mzee ameondoka, arudi chumbani. Akauliza, akirudi je? Nikaapa harudi. Akageukia moto. Bi Zuhura akanionyesha mlango kwa kidevu. Basi mtu na mkwewe walilala nje, kila mmoja akimwachia mwenzake nyumba, na nyumba nikalala mimi. Kitanda kilikuwa kizuri. Sikukifaidi.

Jumapili

Asubuhi Bi Zuhura aliweka meza kama alivyoahidi. Chai ya maziwa, mbaazi za nazi, vitumbua bado vina moto, vikombe viwili. Nilikaa mbele ya kiti kitupu. Nimewaandalia watu meza za namna hii miaka mingi, na sikuwahi kujua zinaonekanaje kutoka upande ule.

Asegelile aliingia amevaa suti ya kanisani. Hakukaa. Mimi na yeye huwa tunataniana, lakini siku ile aliniita shemeji kwa sauti ya mtu anayeita karani.

"Shemeji," akasema, "mzee wako jana alisimama kwenye geti la kiwanda toka asubuhi mpaka tulipotoka kazini. Alinisihi, nikamkubalia. Nilimwambia dada yangu hatuji kumchukua, abaki kwako. Leo nakwenda kanisani namkuta kwenye malori, umande umemlowesha. Namwuliza kwa nini hukulala ndani, anasema ndani yumo mtoto wenu. Hakusema zaidi. Nimekuja hapa, mama mwenye nyumba amenieleza."

Nikaanza kumweleza. Nikaeleza habari ya Wazungu, ya chumba chenye moto, ya mke kupumzika. Nilieleza vizuri kuliko nilivyoeleza ndani ya basi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ni kweli nilimvuta.

Nikasema nilitaka aone kwamba si yeye.

"Na alikuwa yeye," akasema.

Tumpe aliingia kutoka uani amefunga kanga zake na sweta. Sikuona hasira usoni mwake, na hiyo ndiyo iliyonivunja moyo, maana hasira ningejua namna ya kuihudumia. Alichukua kitumbua kimoja, akakila amesimama, polepole. Vingine vyote akavifunga kwenye leso yake, akanipa.

"Mpelekee mzee," akasema. "Hajala."

Nikamwambia mama Sekela, twende nyumbani, mambo haya yatasafishwa, kwetu kuna taratibu zake. Akakubali kwamba yatasafishwa. Akasema kinachomwondoa si habari ya mzee.

"Baba Sekela," akasema, "baba yako hajui sura yangu. Lakini tangu mnioe hajanikaribia bila kukohoa. Na wewe kukohoa unajua. Unakohoa kwenye milango ya wageni wako. Kwangu unaingia tu."

Mimi niliyedaka maneno yote toka Mbeya sikupata hata moja. Akaagana na Bi Zuhura, wakashikana mikono kwa muda mrefu, akatoka nyuma ya kaka yake. Kutoka mlangoni pale unaiona barabara ya Mlandege mpaka inapokata kona. Niliitazama yote.

Baba nilimkuta juu ya lori, injini imeshawashwa. Nikampa leso. Akaifungua, akaviona vitumbua, akauliza vimetoka kwa nani ingawa alikuwa anajua. Alikula kimoja bila haraka. Akaniambia nimwambie ndaga. Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba hakuna tena wa kupelekewa asante hiyo. Lori likaondoka, naye amekaa juu ya magunia, mgongo ameupa mji.

Kurudi

Safari ya kurudi haina habari. Basi halikufa, dereva hakulala, tulifika kwa wakati kila mahali, kana kwamba dunia ilikuwa na haraka ya kunirudisha. Makambako yule mama mnene alitoka kumtazama mama Sekela. Nikamwambia amebaki kwa kaka yake. Alitikisa kichwa, akaniwekea viazi vyangu. Mzee wa koti la jeshi akanipa blanketi lilelile fupi. Sikulisema vibaya safari hii.

Karibu na Chimala abiria mmoja alinitazama viatu, akaniuliza msiba uko wapi. Nikamwambia unatoka kwangu. Akanipa pole, nikaipokea.

Mavuno yamekwisha, mnaona wenyewe mahindi yako darini. Baba ametuma watu wawili kwa Asegelile, wamepokelewa vizuri, wamepewa chakula, wamerudi bila jibu. Watu wa kanisani wananiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wanasema hivyo kwa sababu koleo si lao.

Ijumaa iliyopita niliwapokea wale wa Makongolosi, mnawakumbuka, mume na mke wasiosemezana. Jumatatu waliondoka wameshikana mikono. Nilibeba mizigo yao hadi garini na sikutazama.

Jioni nikitoka hapa nafika mlangoni kwangu, nakohoa mara mbili, nasubiri kidogo, kisha naingia kuwasha moto. Jirani amenisikia, amedhani nina kifua. Juzi ameniletea majani ya mkaratusi nichemshe. Nimeyapokea, nikamshukuru.